KUPUNGUA SI KAZI, KAZI NI KUDUMU
Somo la afya na istiqama kwa wanafunzi wa madrasa

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi, somo letu la mwaka huu linahusu jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la hospitali tu, nalo ni kupunguza uzito wa mwili uliozidi, na hasa kubaki na uzito uliopungua usirudi tena. Huenda mwanafunzi akajiuliza, jambo hili na madrasa vinahusiana nini? Jibu ni kwamba mwili ni amana, na amana ina hesabu yake. Pia wengi wenu nyumbani mna mama, baba, bibi au shangazi aliyeambiwa na daktari apungue kilo kadhaa kwa sababu ya presha au sukari. Alianza kwa bidii, akapungua, na baada ya miezi kadhaa akarudi alikotoka. Somo hili ni lenu, na ni la kuwapelekea wao pia.

1. UZITO ULIOZIDI NI UPI?

Kwa mtu mzima, wataalamu wa afya huchukua uzito kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito ni wa kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Tuchukue mfano wa mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 72. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 72 gawanya kwa 2.56 ni 28.1. Mama huyu uzito wake umezidi.

Kipimo cha pili ni kiuno, na hicho mnaweza kukipima nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya maradhi huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Mafuta ya tumboni yana madhara zaidi kuliko ya mapajani.

Jambo hili si la Ulaya na Marekani peke yake. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zilionyesha kuwa wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa takriban asilimia 22 mwaka 2010, na walipopimwa tena mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Maradhi yanayofuatana na unene ni kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi, pamoja na maumivu ya magoti na mgongo.

Tena angalieni jambo la kutia moyo. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, waliopatwa na kisukari katika kundi hilo walipungua kwa asilimia 58, ikilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kundi jingine lililopewa dawa ya metformin lilipata nafuu ya asilimia 31. Kwa mama wa mfano wetu, asilimia 7 ni kilo 5 tu. Hakuambiwa awe mwembamba kama msichana. Ameambiwa atoke kilo 72 aje 67, kisha akae hapo.

2. MSINGI WA JAMBO HILI KATIKA DINI

Kwanza, Allah (s.w.) katika Suratul A'raf (7:31) ametuamrisha kula na kunywa, akatukataza israfu. Kwa hiyo chakula si adui. Aliyekatazwa ni mwenye kupindukia.

Pili, katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) na kuitoa Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa mwanadamu hajapata kujaza chombo kibaya zaidi ya tumbo lake, na kwamba yanamtosha matonge machache ya kumsimamisha mgongo. Ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi.

Tatu, mwili una haki. Salman (r.a.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) anafunga mchana na kusimama usiku hata akaiacha haki ya nafsi na ya mkewe, alimkumbusha kumpa kila mwenye haki haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Kisa hiki kimo katika Bukhari.

Nne, hata mabadiliko ya mwili yalitajwa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) bila ya kejeli. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba walishindana mbio akamshinda Mtume (s.a.w.). Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, na safari hii Mtume (s.a.w.) akashinda na kumtania kuwa hiyo ni ya kulipia ile. Tunajifunza hapa mazoezi, mahaba, na utani usioumiza.

3. KWA NINI UZITO HURUDI?

Hapa ndipo wengi wanapojilaumu bure, wakadhani hawana imani wala subira. Mwili alivyouumba Allah (s.w.) hulinda akiba yake. Tangu enzi za wazee wetu, njaa ilikuwa hatari ya karibu kuliko shibe, na mwili unaopungua huona kama njaa imeingia nchini. Basi hufanya mambo mawili.

(a) Huongeza njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo maalumu. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya awali, na watu hao waliendelea kuhisi njaa zaidi kuliko kabla ya kupungua.

(b) Hupunguza matumizi. Huko Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni yaliyoitwa The Biggest Loser, ambapo watu wanene walipungua haraka sana kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Watafiti waliwapima washindani 14 na kutoa matokeo mwaka 2016. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58 katika wiki 30. Baada ya miaka sita walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41, na miili yao ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa.

Wengine husema, basi dawa ni mazoezi peke yake, ule utakavyo halafu ukimbie. Hapa tunao ushahidi kutoka mkoa wetu na majirani zetu. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi huwinda na kuokota chakula chao: nyama ya porini, mizizi, matunda, ubuyu na asali. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa Wahadzabe 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita 6. Jambo lililowashangaza watafiti ni kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyoitumia kwa siku nzima haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaofanya kazi za kukaa. Mwili ukitumia nyingi kwenye miguu, hubana mahali pengine. Kwa hiyo tusitegemee miguu pekee. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, sukari na usingizi, na husaidia sana kuzuia uzito usirudi, lakini mlango mkuu wa kupungua ni kinywa.

Saumu ya Ramadhani nayo inatupa somo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wafungaji hupungua kilo 1 hivi kwa wastani, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idd. Mwezi uliotufundisha kujizuia tunauaga kwa pilau, soda na visheti, na Shawwal haijaisha tumeshasahau.

Katika Suratun Nahl (16:92) Allah (s.w.) amepiga mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Aya inahusu ahadi na viapo, lakini mfano wake unamgusa kila aliyejenga jambo kwa shida kisha akalibomoa kwa mkono wake mwenyewe.

4. NDIMI ZA WATU

Ipo sababu nyingine ya uzito kurudi, nayo tunaitengeneza sisi wenyewe. Katika jamii yetu, mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemkubali. Kitambi kimekuwa cheo. Akipungua, maswali huanza: "Umekonda, unaumwa?" "Mume hakupi matumizi?" "Una mawazo gani?"

Maneno haya yana historia ya machungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa majirani zetu wa Uganda maradhi hayo yalijulikana kwa jina la "slim", yaani wembamba. Watu wa miaka ile waliwaona ndugu zao wakikonda na kufa. Tangu hapo kukonda kukawa ni tuhuma. Leo dawa zipo, na wenye virusi wanaozitumia vizuri huishi na afya na miili yao, lakini tuhuma imebaki ndimini.

Sasa fikiria mama yetu wa kilo 72. Amejitahidi miezi sita, amefika kilo 67, presha imeshuka na daktari amefurahi. Anakwenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi, na kabla hajafika kwenye mafungu ya nyanya ameulizwa na watu watatu anaumwa nini. Wa nne hamuulizi, bali anamnong'oneza mwenzake. Mama anarudi nyumbani, anajitazama kwenye kioo, na jioni anaongeza sahani ili watu wanyamaze. Watu watanyamaza, na presha itarudi. Akipatwa na kiharusi, wale wale ndio watakaokuja kumpa pole.

Suratul Hujurat (49:11-12) imetukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kudhaniana vibaya na kusengenyana. Makatazo hayo yanamhusu anayemwita mwenzake "bonge" au "tipwatipwa", na yanamhusu vile vile anayemwita mwenzake "njiti" au "kimbaombao". Maswahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwaambia kuwa miguu hiyo katika mizani ya Siku ya Kiyama ni mizito kuliko mlima Uhud. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad.

Basi ukikutana na mtu aliyepungua, msalimie na umwombee afya njema, inatosha. Naye anayepunguza awe na jibu lake tayari: "Alhamdulillah, mimi mzima, najitunza." Ila mtu anayekonda bila kukusudia aende hospitali apimwe, kwani kisukari na kifua kikuu pia hukondesha.

5. NJIA ZA KUDUMU

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zenye kudumu hata zikiwa chache. Abdullah bin Amr (r.a.) alipotaka kufunga kila siku, Mtume (s.a.w.) alimshauri afunge siku tatu kwa mwezi. Yeye akaomba azidishiwe, mpaka akafikia saumu ya Nabii Daud (a.s.), siku moja kufunga na siku moja kula. Alipozeeka alitamani lau angeikubali ile rukhsa, lakini hakupenda kuliacha alilolianza. Hiki ndicho kipimo chetu: usianze mlo ambao huwezi kuula miaka kumi ijayo. Njia zenyewe ni hizi:

(i) Anza na vinywaji. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko 9 vya chai, sawa na kalori 150 hivi. Mtu anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, akishuka mpaka kijiko kimoja amepunguza vijiko 6, karibu kalori 100. Akiacha na soda ya kila siku, jumla ni kalori 250. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo hesabu inampa karibu kilo moja kwa mwezi pale mwanzoni, bila kugusa ugali wake. Baadaye kasi hupungua kwa sababu tulizozieleza, na hilo lisimvunje moyo.

(ii) Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Chipsi, mandazi, sambusa na vitumbua viwe vya siku moja moja.

(iii) Badili sahani. Nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iwe maharage, samaki, nyama au dagaa. Sisi wa Tengeru hatuna udhuru wa mboga. Mchicha, mnavu, sukuma wiki na ngogwe viko sokoni Jumatano na Jumamosi, na vingine viko nyuma ya nyumba. Makande yenye maharage mengi hushibisha muda mrefu kuliko mkate mweupe.

(iv) Tembea kila siku. Saa moja ya mwendo wa haraka humtumia mtu wa kilo 70 takriban kalori 200 hadi 250. Barabara ya kwenda Ziwa Duluti inatosha, na bodaboda si lazima kwa kila safari. Akina mama na mabinti watembee wawili au watatu kukishapambazuka, kwa mavazi yao ya heshima.

(v) Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile na mizani ile ile, iwe ya kituo cha afya au ya kijana wa stendi, na uandike kwenye daftari. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, wameandikishwa watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Walipoulizwa siri yao, wengi walitaja mambo yanayofanana: mazoezi ya karibu saa moja kwa siku, kifungua kinywa kila asubuhi, na kujipima angalau mara moja kwa wiki. Daftari hukuonyesha kilo 2 zilizorudi kabla hazijawa 10.

(vi) Ukiteleza, rudi mlo unaofuata. Walima ya Jumapili haibatilishi Jumatatu. Anayesema "nimeshaharibu, basi tena" ndiye anayeufumua uzi wote.

(vii) Kuleni pamoja. Mgonjwa mmoja hawezi kupikiwa chungu chake peke yake mwaka mzima huku wengine wanakula maandazi mbele yake. Nyumba nzima ikipunguza sukari na mafuta, mgonjwa hudumu na wazima hujikinga.

(viii) Saumu za Jumatatu na Alhamisi ni sunna na zinasaidia, lakini zinuie kwa ajili ya Allah, maana amali hulipwa kwa nia. Ukifungua kwa sahani mbili na uji wenye sukari tele, kwa upande wa mwili hujapunguza kitu. Anayetumia dawa za sukari au presha amuulize daktari wake kwanza.

6. TAHADHARI KWA VIJANA

Wanafunzi, nyinyi miili yenu bado inakua. Ile hesabu ya 25 na 30 ni ya watu wazima, wala haikuhusuni. Msiache kula, msijitapishe, msinywe dawa za kuharisha ili mpungue. Mnachotakiwa ni kucheza, kutembea, kula mboga na matunda, na kupunguza soda na pipi. Mwenye wasiwasi na mwili wake amweleze mzazi, na mzazi ampeleke kwa daktari.

Jihadharini pia na dawa za kupunguza mwili zinazotembezwa mikononi bila cheti cha daktari. Ziko dawa mpya za sindano zilizothibitishwa, kama semaglutide, lakini hizo ni za daktari. Hata hizo, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa walioziacha walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kumbe hata sindano haikuondoa haja ya kudumu.

HITIMISHO

Kupungua kuna mwisho, kudumu hakuna mwisho mpaka kaburini, kama ilivyo kwa swala. Hatusali mwezi mmoja kwa nguvu kisha tukastaafu. Aliyeteremka kilo 5 akabaki nazo ni bora kuliko aliyeteremka 20 zikarudi 25. Kila mmoja wenu mwaka huu achague mtu mmoja nyumbani kwake, atembee naye, ampunguzie sukari kwenye chai kwa ridhaa yake, na amlinde na maneno ya watu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe afya ya miili yetu, uthabiti katika mema, na ndimi zisizowavunja moyo wenzetu. Aamin.

MASWALI YA ZOEZI

1. Baba ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 84. Fanya hesabu ya uzito wake kwa urefu, kisha eleza asilimia 7 ya uzito wake ni kilo ngapi.
2. Taja mambo mawili ambayo mwili hufanya unapopungua uzito.
3. Tunajifunza nini kutokana na kisa cha Abdullah bin Amr (r.a.)?
4. Kwa nini watembeaji wa Ziwa Eyasi ni hoja dhidi ya kutegemea mazoezi pekee?
5. Jirani yako amepungua kwa ushauri wa daktari. Andika maneno utakayomwambia, na yale utakayoyaacha, kwa kuzingatia Suratul Hujurat.
6. Hesabu vijiko vya sukari vinavyotumika nyumbani kwenu kwa siku moja, kisha andika pendekezo moja ambalo familia yenu inaweza kudumu nalo mwaka mzima.